Mwongozo kamili wa kubeba petroli ya akiba kwenye pikipiki: mfano wa njia ya Makongolosi hadi Itigi

Wasafiri wengi wa pikipiki wanaoishiwa mafuta porini hawakusahau kubeba akiba. Waliibeba, lakini hesabu yake waliipiga kwa barabara ya lami, wakaifunga mahali ambapo kidumu kilisuguliwa mpaka kikatoboka, au wakasubiri pikipiki izime ndipo wamimine, tena gizani na huku injini ikiwa bado ya moto. Mwongozo huu unafuata safari moja kuanzia hesabu ya nyumbani hadi kidumu kinapoanikwa baada ya kurudi.

Njia ninayoitumia kama mfano ni ile inayotoka Mbeya kupitia Chunya na Makongolosi, ikaingia Rungwa na kutokea Itigi. Kutoka Makongolosi hadi Mkiwa, ambako njia hiyo inakutana na barabara kuu ya Manyoni na Singida, ni takriban kilometa 413, na Itigi iko kabla ya hapo. Sehemu kubwa ina mchanga na vumbi, na inapita kwenye eneo la Pori la Akiba la Rungwa, ambako mbung'o hawakuachi usimame kwa raha. Kanuni ni zilezile kwa njia nyingine yoyote yenye mwanya mrefu kati ya kituo kimoja cha mafuta na kingine.

## Vifaa vya kuandaa

- Vidumu viwili vya lita 5 vilivyotengenezwa kwa ajili ya petroli. Usinunue kimoja cha lita 10 wala cha lita 20.
- Washa (mipira ya kuzibia) za akiba za vifuniko, angalau moja kwa kila kidumu.
- Faneli yenye chujio la nyavu laini za chuma, na mfuko wa plastiki wa kuihifadhi isiingie vumbi.
- Mikanda minne ya kukazia yenye kifungio cha chuma, ile inayotumika kufungia mizigo kwenye magari.
- Vipande vya mpira mnene, kwa mfano vya tairi kuukuu, vya kutandika chini na pembeni ya kidumu.
- Kizimamoto kidogo cha unga cha kilo 1.
- Vitambaa viwili vya pamba, sabuni ya kipande na lita moja ya maji yasiyo ya kunywa.
- Tochi ya kuvaa kichwani, kwa dharura tu.

Mpira wa tyubu ambao bodaboda wengi hufungia mizigo nimeuacha kwa makusudi. Unafaa kwa gunia la mkaa au kreti ya soda, lakini kwa petroli haufai, na sababu yake nitaieleza kwenye hatua ya tano.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kwa barabara utakayopita

Usitumie ulaji wa mafuta ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, wala ule unaoupata mjini ukiwa peke yako bila mzigo. Jaza tangi hadi alama unayoikumbuka, pakia mzigo wote wa safari, kisha endesha kilometa 100 au zaidi kwenye barabara ya vumbi inayofanana na ile unayoiendea. Jaza tena hadi alama ileile, na ugawe kilometa ulizotembea kwa lita zilizoingia. Ukitembea kilometa 120 na zikaingia lita 4.2, pikipiki yako inakwenda kilometa 28 na kitu kwa lita, hata kama mjini inakupa 38.

Chukua pikipiki ya cc 150 yenye tangi la lita 11. Toa nusu lita ya chini ambayo huenda isifike kwenye kabureta pikipiki ikiwa imeinama au inarukaruka, zinabaki lita 10.5 za uhakika. Kwa hesabu ya lami, lita hizo zinakufikisha kilometa 399, na msafiri anayekabili kilometa 400 hujiambia kwamba tangi linatosha au karibu linatosha. Kwa hesabu ya mchanga, lita hizohizo zinaishia kilometa 294, na mbele yako zimebaki kilometa 106 bila kituo. Wengi hukwama katika tofauti hiyo, nao hudhani kwamba tangi limevuja au wameibiwa mafuta.

Hesabu sahihi huenda hivi. Kilometa 400 ukigawa kwa 28 unapata lita 14.3. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya kupotea njia, kurudi nyuma daraja likiwa limekatika, au kutumia gia ndogo kwa muda mrefu kwenye mchanga, unapata lita 17.1. Toa lita 10.5 zilizo tangini, unabaki na upungufu wa lita 6.6, yaani 7. Vidumu viwili vya lita 5, kila kimoja kikiwa na lita 4.5, vinakupa lita 9, na hapo unaondoka ukiwa umetulia.

Usihesabu petroli ya chupa inayouzwa vijijini kama sehemu ya mpango. Ipo siku utaipata na ipo siku utaikosa, na hata ukiipata huna namna ya kujua kama haijachakachuliwa kwa mafuta ya taa. Ichukue kama bahati njema, uipitishe kwenye chujio, na uichanganye na mafuta mengi mazuri badala ya kuimimina kwenye tangi tupu.

Kuzidisha nako kuna gharama. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban kilo 0.75, kwa hiyo kidumu cha lita 20 kinaongeza kilo 15 juu ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele huwa jepesi, na kwenye mchanga pikipiki haifuati tena hendeli.

Umefanikiwa ukiwa na namba tatu zilizoandikwa: kilometa za mwanya mrefu zaidi, ulaji ulioupima mwenyewe, na lita za kubeba.

## Hatua ya 2: Chagua kidumu kwa alama zake

Kidumu cha mafuta ya kula na dumu la maji havifai, hata vikionekana vigumu. Plastiki yake inaweza kuwa ya jamii inayovumilia petroli, lakini kuta ni nyembamba, na washa ya kifuniko haikutengenezwa kwa petroli, hivyo huvimba, hulegea na kuanza kupitisha mvuke. Chupa ya maji ya kunywa ni mbaya zaidi, kwa sababu hutobolewa na kokoto moja tu, na mtu mwenye kiu anaweza kuinywa.

Tafuta chombo chenye herufi UN zilizochapwa kwenye mwili wake, zikifuatwa na 3H1 kwa kidumu cha plastiki au 3A1 kwa kidumu cha chuma. Alama hiyo inaonyesha kwamba aina hiyo ya chombo ilipita majaribio ya kuangushwa, kuvuja na kuhimili shinikizo. Kwenye vidumu vya plastiki tazama pia duara dogo linalofanana na uso wa saa, lenye mshale unaoonyesha mwezi wa kutengenezwa, na mwaka karibu yake. Kwa usafirishaji wa bidhaa hatari, kidumu cha plastiki huhesabiwa kuwa kimemaliza muda wake baada ya miaka 5, na mimi hufuata kanuni hiyo hata kama hakuna anayenikagua, kwa kuwa jua la kwetu huifanya plastiki ikauke na kupasuka.

Kati ya plastiki na chuma, mimi hupendelea plastiki kwa pikipiki. Chuma ni kigumu, lakini kikigonga keria kwa saa nyingi rangi ya ndani hubanduka, kutu huanza, na unga wa kutu huishia kwenye kabureta. Ukichagua chuma, angalia ndani kwa tochi kila mara kabla ya safari, kidumu kikiwa kikavu na hakina harufu yoyote ya mafuta.

## Hatua ya 3: Kijaribu kwa petroli, nje ya nyumba

Jaribio la maji halitoshi. Petroli hupenya kwenye nyufa ambazo maji hushindwa kuzipita, kwa hiyo kidumu kisichovuja maji bado kinaweza kuvuja mafuta. Mimina robo lita ya petroli, funga kifuniko kwa mkono mpaka kikaze, kisha kilaze kichwa chini juu ya kipande cha katoni kavu, uani, kivulini, mbali na jiko na watoto. Kiache saa 2.

Umefanikiwa katoni ikiwa haina doa wala harufu. Ukiona doa, badilisha washa na urudie, na kama bado linatokea, kidumu hicho kibaki nyumbani.

## Hatua ya 4: Tafuta mahali pa kukaa

Kidumu kikae chini na mbele kadiri inavyowezekana. Uzito ulio juu ya keria, nyuma ya ekseli ya gurudumu, huvuta pikipiki kama mtu anayening'inia mkiani. Uzito uleule ukiwa pembeni, chini ya usawa wa kiti na mbele ya ekseli, karibu hutauhisi.

Pikipiki nyingi zina ekzosi upande wa kulia, kwa hiyo kidumu cha kwanza kiende kushoto. Mpe fundi wa kuchomelea kazi ya kutengeneza kitako cha chuma cha bapa chenye ukingo wa sentimeta 4 pande zote, kifungwe kwa bolti kwenye fremu ya keria. Upande wa kulia pakia maji ya kunywa na vifaa vya ufundi vyenye uzito unaokaribiana nacho, ili pikipiki isilale upande mmoja.

Kidumu cha pili kilazwe juu ya keria, mara tu baada ya mgongo wako, mdomo ukiangalia juu. Mizigo myepesi kama nguo na hema ndiyo ikae nyuma yake.

Kuna sehemu tatu za kuepuka kabisa. Ya kwanza ni begi la mgongoni, kwa sababu ukianguka petroli inaanguka nawe ikiwa imefungwa mwilini. Ya pili ni kwenye gadi ya mbele ya injini, ambako kidumu hupokea pigo la kwanza na joto lote la injini. Ya tatu ni mahali popote ambapo mvujo ungedondokea ekzosi. Mwaga maji kidogo pale unapotaka kuweka kidumu, injini ikiwa baridi, na uangalie yanatiririkia wapi, kwani petroli itafuata njia hiyohiyo.

## Hatua ya 5: Kifunge kisisogee hata kidogo

Hapa ndipo nilipojifunza kwa hasara. Miaka ya nyuma nilifunga kidumu kwa mpira wa tyubu, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na nikaamini hakitatikisika. Baada ya kama kilometa 90 za makorongo nilisikia harufu. Kichwa cha bolti moja ya keria kilikuwa kimesugua ubavu wa kidumu mpaka kikatoboa tundu dogo kuliko punje ya mtama, na mguu wa suruali yangu ulikuwa umelowa petroli umbali wa shubiri moja kutoka kwenye ekzosi. Mpira haukukatika. Ulifanya tabia yake ya kuvutika na kurudi kwa kila shimo, na katika kuvutika huko kidumu kilikuwa kinasogea milimeta chache maelfu ya mara.

Kwa hiyo fanya hivi. Kagua sehemu nzima kidumu kitakapogusana na chuma, na kila kichwa cha bolti, ncha au mshono wa kuchomelea ukate, upige tupa au uufunike. Tandika mpira mnene chini na pembeni. Weka kidumu, kisha pitisha mikanda miwili isiyovutika kwa kila kidumu, mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana, ili ukilegea mmoja mwingine uendelee kushika. Mikia ya mikanda iliyobaki ifungwe fundo, isije ikaingia kwenye cheni.

Jaza maji lita 4.5 kwa kila kidumu na uendeshe kilometa 30 kwenye barabara mbaya kuliko zote zilizo karibu nawe. Ukirudi, fungua na utazame mwili wa kidumu chini ya mwanga. Mkwaruzo wowote mpya unakuonyesha mahali pa kuongeza mpira. Baada ya hapo mwaga maji, acha kidumu wazi juani mpaka kikauke kabisa, kwa sababu vijiko viwili vya maji vikiingia kwenye kabureta vinatosha kukusimamisha.

Umefanikiwa ukishika kidumu kwa mikono miwili na kukitikisa, pikipiki nzima ikatikisika nacho.

## Hatua ya 6: Jaza kituoni kwa utaratibu

Zungumza na msimamizi wa kituo kabla ya kushusha kidumu. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, imekuwa ikikataza uuzaji holela wa petroli kwenye vidumu na chupa, na vituo vingi hukataa moja kwa moja. Katazo hilo lina msingi: mwaka 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu takriban 100 walikufa walipokuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka. Onyesha chombo chako chenye alama, eleza safari yako, na uombe kibali kwa njia wanayoielekeza. Ukikataliwa, usimshurutishe mhudumu wala kumpa fedha ya pembeni. Mtu anayepita njia hizi mara kwa mara afikirie kufunga tangi kubwa zaidi, ambalo halina mjadala na ni salama kuliko kidumu chochote.

Ukiruhusiwa, zima injini na uiweke simu mbali. Shusha kidumu, ukiweke chini kwenye sakafu ya zege. Usikijaze kikiwa juu ya pikipiki, juu ya begi wala juu ya turubai, kwa sababu petroli inayotiririka huzalisha umeme tuli, na chombo kilichotengwa na ardhi hakina pa kuupeleka mpaka uruke kama cheche. Gusa chuma cha pampu kwa mkono mtupu kwanza. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa kidumu muda wote, na mhudumu aminye taratibu.

Simamisha kwenye lita 4.5. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kiasi ambacho peke yake si kikubwa, lakini mvuke wake ndio unaosukuma kuta. Kidumu kilichojazwa asubuhi ya baridi ya Mbeya kitakuwa kimevimba kama mpira kufikia saa nane mchana ukiwa kwenye joto la bondeni, na kikikosa nafasi ya hewa mafuta yatatafuta njia kwenye washa. Funga, futa nje kwa kitambaa, subiri dakika 5, nusa, ndipo upakie.

## Hatua ya 7: Kagua njiani

Simama baada ya kilometa 20 za kwanza za vumbi, kisha kila baada ya saa moja. Kaza mikanda, pitisha kiganja chini ya kila kidumu, nusa. Ukisikia harufu wakati unaendesha, usiahirishe hata kama kijiji kiko mbele kidogo. Zima injini, shuka, sogea upande upepo unakotoka, na utazame kwanza kabla ya kugusa.

## Hatua ya 8: Mimina mapema, mahali ulipopachagua

Wengi huona fahari kufika mbali na kidumu kikiwa bado kimejaa. Mimi nasema kidumu cha kwanza kihamie tangini mara tu nafasi inapotosha, yaani ukishatumia lita 5 na kidogo. Mafuta yaliyo tangini yamehifadhiwa vizuri kuliko yaliyo pembeni, na uzito wake umekaa mahali pake. Kwa mfano wetu, kilometa 150 baada ya Makongolosi nafasi hiyo ipo, nawe unaweza kusimama kijijini mchana, mahali tambarare penye kivuli, badala ya kulazimika kusimama ndani ya pori la akiba jioni.

1. Zima injini na usubiri dakika 15. Ekzosi ipoe mpaka matone ya maji yaliyonyunyiziwa juu yake yasichemke.
2. Waombe waliokusanyika wasogee hatua kumi, na anayevuta sigara aizime. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini na unaweza kuufikia moto ulio mbali na macho yako.
3. Weka kizimamoto karibu, upande ambao huendi kumimina.
4. Shusha kidumu chini na ufungue kifuniko robo mzunguko tu. Utasikia mlio wa hewa. Subiri uishe, ndipo ufungue kabisa. Anayefungua kwa pupa hurushiwa petroli usoni.
5. Gusa chuma cha fremu kwa mkono mtupu, tumbukiza faneli mpaka iguse ukingo wa tangi, na umimine polepole.
6. Acha sentimeta 3 chini ya mdomo wa tangi, kwani ukiiegemeza pikipiki kwenye stendi ya pembeni mafuta yatapanda upande mmoja na kumwagika.
7. Funga tangi, funga kidumu kitupu, futa, na usubiri mvuke utawanyike kabla ya kuwasha.

Kidumu kitupu kisidharauliwe. Kimejaa mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto, kwa hiyo kifungwe na kikazwe mikanda kama kilivyokuwa mwanzo.

Usivute petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira, hata ukiwa umezoea. Tone dogo likipita kwenye koo la hewa huunguza mapafu. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kutapika huirudisha petroli kwenye njia ileile, apelekwe hospitali. Ikimwagikia nguo, ziondoe mbali na moto wowote na uoshe ngozi kwa sabuni. Ukizuka moto mdogo tumia unga wa kizimamoto au mchanga, kamwe si maji, na moto ukikifikia kidumu, achana na pikipiki na ukimbie.

Umefanikiwa chujio likiwa na vumbi kidogo tu, ardhi ikiwa kavu, na pikipiki ikiwaka bila kukohoa.

## Hatua ya 9: Usiku na baada ya safari

Kidumu kisiingie ndani ya chumba cha nyumba ya wageni, kiwe kimejaa au kitupu. Mwombe mlinzi akuonyeshe sehemu ya wazi, yenye hewa, mbali na jiko la mkaa na jenereta, na umweleze kilicho ndani ili asije akakitumia kuchotea maji. Ukiwa na mabaki, yahamishie tangini jioni hiyohiyo kabla giza halijaingia.

Ukifika nyumbani, usihifadhi petroli kwa ajili ya safari ijayo; itumie. Kidumu kitupu kiache wazi uani, kivulini, siku mbili hadi harufu iishe, kisha toa washa na uikague kwa kidole. Ikiwa imevimba au ina alama ya kukatika, tupa na uweke mpya siku hiyohiyo, kabla hujasahau.